Mlango Mwembamba, Mlango Mpana: Vyuo Vikuu Vyetu Tangu 1961

Kila mwaka tunapokutana kusherehekea tarehe 9 Desemba, baada ya wimbo wa Taifa na hotuba ya mwenyekiti, na kabla masufuria ya pilau hayajafunuliwa, watoto wetu wanaoanza chuo kikuu huitwa mbele wapigiwe makofi. Huyu anakwenda kusomea uhandisi, yule sheria, yule uhasibu. Mwaka jana nilikaa karibu na mlango, nimetoka zamu ya usiku, macho mazito, nikawahesabu. Walikuwa kumi na mmoja. Nikajiambia: chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu kilipofungua milango, darasa zima halikuwazidi hawa kwa wengi.

Kamati iliponipigia simu mwaka huu ilitaka makala ya presha na kisukari, kama kawaida. Nikawaomba wanipe ruhusa ya kuandika habari hii. Mimi si mwanahistoria, ni muuguzi. Lakini suala la nani anaingia chuo na anafundishwa vipi akishaingia limegusa maisha yangu mara mbili, na watoto wetu mnaojaza fomu za vyuo hapa Uingereza ni vizuri mjue wenzenu wa nyumbani wamepita wapi.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na siku chache kabla ya Uhuru. Hakikuwa na majengo yake. Kilikaa ndani ya jengo la TANU, kwenye mtaa ambao leo tunauita Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi hawakufika kumi na watano. Shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kila mmoja na fani zake: aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi Nairobi, aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Mwaka 1964 chuo kikahamia kwenye kile kilima ambacho wote tunakiita Mlimani, na mwaka 1970 nchi zikagawana, kila moja ikabaki na chuo kikuu chake.

Ili kuelewa haraka ile, kumbukeni tulichorithi. Mwalimu alikuwa akiwakumbusha watu kwamba wakoloni walituachia wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Nchi nzima! Katika wodi yangu moja hapa, siku ya kawaida, madaktari wanaopita asubuhi wanaweza kukaribia idadi hiyo. Serikali ikapanga kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake yenyewe. Chuo kikawa kama kiwanda cha kutengeneza watu wa nafasi zilizokwisha kuhesabiwa: walimu kadhaa, wanasheria kadhaa, madaktari kadhaa. Udahili ulifuata mahitaji ya serikali. Idadi ya vijana waliokuwa wanataka kusoma ilikuwa jambo jingine.

Wazee waliosoma Mlimani miaka hiyo husimulia habari zake kama watu wanaosimulia harusi. Chumba ulipewa, chakula ulipewa, vitabu vipo maktaba, na mhadhiri anakujua kwa jina. Wahadhiri wenyewe walikuwa watu kama Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha historia pale kitabu chake kuhusu Ulaya na Afrika kilipotoka mwaka 1972. Hakuna anayekataa kwamba ubora ulikuwepo. Swali ambalo Mwalimu hakuacha kuliuliza ni nani aliyekuwa akiulipia. Aliyelipia ni mkulima wa pamba na wa kahawa, ambaye mtoto wake hata darasa la tano pengine hakufika.

Ndiyo maana mambo yakalipuka mwaka 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu waende Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa muda fulani walipwe sehemu tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu, wamevaa majoho yao, na bango moja likadai eti afadhali ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, halafu akawaka. Akawafukuza karibu mia nne, warudi kwao vijijini, na palepale akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 pamoja na ya wakubwa wengine. Wengi wa wanafunzi hao walirudishwa baada ya muda. Miezi mitano baadaye akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea.

Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. Kuanzia hapo kijana hakutoka Kidato cha Sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Alikwenda kwanza jeshini na kazini, akapata mapendekezo ya mwajiri na ya chama, kisha ndipo akaomba. Nia ilikuwa njema: chuo kiwe cha watu wanaoijua kazi, na mfanyakazi mzoefu apate nafasi. Kama muuguzi naielewa nia hiyo vizuri, maana mwanafunzi aliyewahi kufanya kazi wodini humjua kwa jinsi anavyomkaribia mgonjwa. Lakini wasichana ndio walioumia. Miaka ile ya kusubiri ilikuwa miaka ya kuolewa na kuzaa, na wengi hawakurudi tena kuomba. Haikuchukua muda serikali ikaliona hilo na kuwaondolea wanawake sharti la kusubiri. Kwangu mimi hili ni funzo la kwanza katika historia hii: kanuni iliyotungwa kwa ajili ya ubora na usawa ilifunga mlango kwa nusu ya taifa bila mtu kukusudia.

Sasa nije kwangu. Nilimaliza Kidato cha Sita mwaka 2000. Baba alikuwa karani mstaafu, mama alikuwa anauza vitenge. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu, lakini si kwa pointi za kunipeleka chuo kikuu. Vyuo vikuu vya umma vilikuwa vichache bado: Mlimani na matawi yake, ikiwemo Muhimbili, kile cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro kilichoanza 1984, na Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili watu wasome wakiwa makwao. Vya binafsi vilikuwa ndiyo kwanza vinaota. Waliofaulu kunizidi nao waliachwa nje. Nilikwenda kusomea stashahada ya uuguzi, na sijutii hata siku moja, ila nilijua kwamba sikushindwa akili. Nafasi hazikuwepo.

Jambo moja nililisikia miaka kumi baadaye, nikiwa tayari huku, na lilinichoma. Kuanzia 1997 pale Mlimani, Kitivo cha Sayansi kilikuwa na mpango wa wasichana waliofaulu lakini wakapungukiwa pointi kidogo za kuingilia. Waliitwa chuoni kwa wiki sita, wakafundishwa masomo ya sayansi na hesabu, kisha wakapewa mtihani. Aliyefaulu akaingia kama mwanafunzi mwingine yeyote. Wiki sita! Hakuna aliyepewa shahada ya bure, wala kipimo hakikulegezwa mwishoni. Kilichoongezwa ni mafundisho kabla ya mlango. Nimesoma mengi kuhusu elimu ya juu nyumbani, na huu mpango mdogo ndio ninaoupenda kuliko majengo yote makubwa.

Nao ulizaliwa katika miaka migumu. Fedha za umma zilikuwa zimekauka tangu miaka ya 1980. Uchangiaji wa gharama ulikuwa umeanza, wanafunzi wanagoma, chuo kinafungwa na kufunguliwa, maktaba hainunui vitabu. Mlimani iliyojengwa kwa ajili ya watu wachache ikaanza kujaribu kuchukua wengi. Hapo ndipo lugha ya chuo ilipopata maneno mapya. Wasiopata chumba walilala kwa wenzao kitanda kimoja, wakaita kubebana. Wasiopata kitabu walisoma kwa vivuli vya daftari la mwingine, wakaita madesa. Fedha ya kujikimu ikaitwa bumu, na kufukuzwa kwa kufeli kukaitwa kudisko. Waulizeni wazazi wenu waliopita pale, watacheka kwanza, halafu watanyamaza kidogo.

Mafuriko yenyewe yalikuja baada ya 2004. Mwaka huo ulianza mpango wa maendeleo ya sekondari, na kila kata ikahimizwa kujenga shule yake. Wanafunzi wa sekondari nchini hawakufika laki tano mwaka 2004. Miaka mitano baadaye walikuwa wanakaribia milioni moja na nusu. Shule za kata zilichekwa sana. Walimu waliopewa mafunzo ya wiki chache tu waliitwa vodafasta, na zipo shule zilizokuwa na mwalimu mmoja wa sayansi au hazina kabisa. Lakini watoto wale walipofika Kidato cha Sita, ilibidi waende mahali. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilikuwa imeundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mwaka 2007 Ardhi na Muhimbili vikawa vyuo vikuu kamili, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanza kwenye ukumbi wa Chimwaga na vilima vinavyouzunguka, kikiwa kimepangiwa kuchukua wanafunzi 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wanafunzi wa elimu ya juu walikuwa wamepita laki moja.

Binti wa kaka yangu ni mmoja wao. Kaka analima mahindi. Binti alisoma shule ya kata, akapata mkopo wa Bodi, akasomea ualimu katika chuo kimoja cha umma. Mwaka wa kwanza alisikiliza mihadhara akiwa nje ya dirisha, kwa sababu ukumbi ulijaa saa moja kabla ya kipindi. Mazoezi ya maabara ya kemia alifanya kwa kutazama wenzake wa mbele. Alipata sapu mbili akazifaulu. Leo anafundisha Baiolojia, anakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa deni, na alishukuru Mungu ilipofutwa mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa inalifanya deni likue kila mwaka. Mtu akiniambia kwamba mlango ungebaki mwembamba kama zamani ili ubora ulindwe, namwuliza kama yuko tayari kumwambia huyu binti asimame arudi shambani. Kwa mlango ule wa zamani, yeye asingeingia. Mimi nilikuwa na alama nzuri kuliko zake, na sikuingia.

Hata hivyo siwezi kusema tu kwamba wengi ni heri. Mwaka 2014 nilirudi nyumbani mama alipolazwa katika hospitali ya mkoa ambayo sitaitaja. Asubuhi moja wakaja wanafunzi wa kada za afya kutoka vyuo mbalimbali, wakazunguka kitanda cha jirani yake na mwalimu mmoja. Niliwahesabu kwa mazoea: ishirini na sita. Wa mbele waliona jeraha, wa katikati waliona migongo, wa nyuma waliandika yale ambayo wa mbele walikuwa wanawanong'oneza. Mchana mmoja wao, msichana, akarudi peke yake. Akamsalimia mama, shikamoo bibi, akaomba ruhusa ampime presha. Akanieleza kwa aibu kwamba yuko mwaka wa pili na hajawahi kukishika kile kifaa kwa mgonjwa halisi. Mama akanyoosha mkono. Binti alifunga kitambaa juu ya kiwiko vibaya, nikamwonyesha, nikauweka mkono wake mahali mapigo yanaposikika. Aliposikia mara ya kwanza uso wake ulibadilika. Mama alipimwa presha mara tano siku ile na hakulalamika.

Mimi mwenyewe nilipata digrii hapa mwaka 2012, nikiwa na miaka 32, nasoma huku nalea na kufanya kazi. Muuguzi hapa hawezi kusajiliwa bila saa 4,600 za mafunzo, na nusu yake ziwe kando ya mgonjwa, na kila ujuzi unatiwa saini na muuguzi aliyekuona ukiufanya. Chuo kinaweza kutamani kuongeza wanafunzi mia mbili, lakini kama hospitali za jirani hazina wauguzi wa kuwasimamia, hakiwezi. Ukumbi wa mihadhara unaweza kuongezewa viti. Kitanda cha mgonjwa kina pande zake chache tu. Nadhani kila fani ina kitanda chake: mwanasheria ana mahakama, mwalimu ana darasa la mazoezi, mhandisi ana karakana. Kosa letu kubwa, kwa maoni yangu, ni kuhesabu wanaoingia bila kuhesabu vitanda.

Tukio la Dodoma mwaka 2016 linaonyesha hivyo. Miaka miwili kabla, kwa kuwa nchi ilikosa walimu wa sayansi, ilianzishwa stashahada maalumu ya ualimu kwa vijana waliotoka Kidato cha Nne. Wazo lenyewe halikuwa baya. Lakini wanafunzi waliwekwa juu ya mabega ya wahadhiri ambao tayari walikuwa na mzigo, ukazuka mvutano wa malipo, vipindi vikasimama, na mwisho wa Mei vijana zaidi ya 7,000 wakaambiwa wafunge mizigo warudi kwao. Picha za mabinti waliokaa juu ya masanduku stendi tuliziona hata huku. Siku chache baadaye Rais Magufuli, akiwa Mlimani, akawaita vilaza, yaani watu wasio na akili za kutosha kuwa chuo kikuu. Baadaye wengi walihamishiwa vyuo vya ualimu, na wachache waliokuwa na sifa za juu wakabaki. Mimi sikuipenda ile kauli. Sifa za kuingia ziliwekwa na wakubwa, kozi iliandaliwa na wakubwa, na aliyebebeshwa aibu ni mtoto wa miaka kumi na tisa aliyejibu tangazo.

Si sisi peke yetu. Wale ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki walipita njia hiyohiyo. Kenya mwaka 1990 ilipokea pamoja kundi la mwisho la mfumo wa zamani na la kwanza la 8-4-4, vyumba vikafurika. Makerere ilianza kuuza nafasi za jioni kwa wanaolipa, na Mahmood Mamdani, ambaye miaka ya 1970 alifundisha Mlimani, akaandika kitabu kizima kuhusu kilichotokea chuo kilipogeuka soko. Na hapa tulipo, karo iliyoanza kwa pauni 1,000 mwaka 1998 ilipandishwa hadi pauni 9,000 mwaka 2012, na mwaka 2017 wanafunzi wapya wa uuguzi England waliondolewa ruzuku. Kwa hiyo msidhani mmezaliwa kwenye nchi iliyokwisha kulimaliza swali hili.

Serikali nyumbani imejaribu kubana tena. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya mpaka vijirekebishe, na leo anayetaka shahada lazima awe na ufaulu wa masomo mawili ya Kidato cha Sita wenye pointi zisizopungua nne. Anayepungukiwa anaweza kupitia mwaka wa maandalizi Chuo Kikuu Huria, na hapo nauona tena mfano wa zile wiki sita za Mlimani. Upande wangu wa afya, kilichonipa moyo ni Mloganzila. Hospitali ile ilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini kusudi Muhimbili ipate mahali pa kufundishia wanafunzi wengi zaidi: vitanda kwanza, udahili baadaye. Ilizinduliwa mwaka 2017, mwaka uliofuata ikawekwa chini ya Hospitali ya Taifa, na watu wa chuo hawakuwa wote na furaha, lakini vitanda vipo na wanafunzi wanaingia.

Sasa kuna mradi mwingine ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, wa kujenga kampasi katika mikoa isiyokuwa na chuo kikuu cha umma: Mlimani inakwenda Lindi na Kagera, Muhimbili inakwenda Kigoma. Mtoto wa Kigoma hatalazimika kusafiri kilomita elfu na zaidi kwenda Dar es Salaam kusomea afya. Majengo yanapendeza kwenye picha. Ninachokitafuta kwenye picha hizo ni watu wa kufundisha ndani yake, na hospitali ya jirani ina wauguzi wangapi zamu ya usiku.

Mdogo wake yule binti mwalimu amemaliza Kidato cha Sita mwaka huu na anataka uuguzi. Alinipigia WhatsApp mwezi uliopita: shangazi, nichague chuo kipi, hiki cha karibu na nyumbani au kile chenye jina? Nikamwambia kabla ya kuangalia jina wala umbali, apige simu vyuo vyote viwili aulize kitu kimoja: siku ya mafunzo wodini, mwalimu mmoja anakuwa na wanafunzi wangapi. Cha kwanza walimwambia aandike barua. Cha pili simu ilipokelewa na mama mmoja wa ofisi ya udahili aliyecheka, akasema swali hilo hajawahi kuulizwa na mwombaji, akamwambia asubiri amtafute mkuu wa wodi. Tunasubiri.